Neno la Nyundo Ndogo

Shoka alikuja kwa baba akiwa na damu kwenye shati, na damu haikuwa yake. Alikuwa amemvunja kaka yake taya kwa sababu ya kiti. Kiti, si shamba wala mke. Kwao wakamfukuza, na baba yangu mhunzi, mtu asiyejua kuogopa watu, akampa nyundo kubwa.

Kazi ya wahunzi wawili ni mazungumzo. Baba alishika chuma chekundu kwa koleo, na mkono mwingine nyundo ndogo. Alipogonga yeye, Shoka alipiga mahali palepale. Akigonga taratibu, alijibiwa taratibu. Nyundo ndogo ikigonga ubavu wa fuawe, lile pande la chuma tunalofulia, maana yake acha. Mimi nilivuta mivukuto ya kupulizia moto nikiwasikiliza.

Mwezi wa kwanza Shoka alipiga kabla ya kuambiwa, akamponda baba kidole gumba. Tulidhani kazi hana tena. Baba alifunga kitambaa, akamwambia, "Umejibu sijauliza," wakaendelea. Miaka tisa baadaye hakuna aliyemwona Shoka akinyanyua mkono bila kusubiri. Hata akitukanwa sokoni alitulia kwanza. Watu walisema amepoa. Mimi nilijua hajapoa hata kidogo, ila amepata mtu wa kuongea naye.

Mume wangu alikuwa akinipiga. Nililificha hilo miaka minne, na sasa nalisema wazi kwa sababu nimechoka kubeba aibu isiyo yangu. Nilipomkimbia nikarudi kwa baba, alinifuata karakanani mchana kweupe. Akanikamata nywele, akanibamiza uso ukutani mara mbili. Baba alipoingilia, akamsukuma. Kichwa cha mzee kikagonga meza ya chuma, akaanguka, mdomo umejaa damu, sauti hana.

Shoka alimng'oa mume wangu mwilini mwangu. Alimvunja mkono kwanza, mfupa nikausikia. Akambwaga chini, akamkanyaga kifua, akanyanyua nyundo kubwa. Majirani mlangoni walimpigia kelele aache, lakini hakuwa na habari nao.

Nyundo ndogo ilikuwa juu ya fuawe. Niliishika. Shoka akanitazama, nyundo yake ikiwa hewani, akasubiri.

Nilitaka yule mtu afe. Nakiri hivyo na sitaomba radhi. Ningegonga sakafu karibu na kichwa chake mara moja tu, yangekwisha. Nilipiga hatua, nikainama. Ndipo nikaona mikono ya Shoka, ile mikono iliyotulia miaka tisa, ikisubiri neno langu, nikajua nitaua watu wawili. Nikarudi nyuma, nikagonga ubavu wa fuawe.

Nyundo kubwa ilishuka polepole, akailaza sakafuni.

Mume wangu alipelekwa hospitali, akatoka huko akaingia rumande. Baba alipona, ila maneno hayakurudi, na nyundo ndogo sasa naishika mimi. Juzi, tukisubiri chuma kipate moto, nilimuuliza Shoka angefanya nini kama siku ile ningegonga pale karibu na kichwa.

Alifuta jasho.

"Ningepiga, dada," akasema. "Ndiyo maana nilikutazama wewe, sikumtazama yeye."