Ukelele Uliokataa Kutoka

Nisikilize taratibu, mwenzangu, hasa kama umeshapindukia arubaini na ngazi zinakumaliza pumzi. Mimi nilikuwa hivyo kule Nizwa, Omani, miaka ya themanini, nikisomesha skuli ya wasichana. Jioni moja mwanamume alinikamata mkono kwenye njia ya mashamba ya mitende, nikashindwa hata kutoa sauti. Akatokea mpita njia, ndipo yule mwanamume akaniachia. Tangu hapo, kila nikiikaribia njia ile nilisimama nikangoja mtu wa kufuatana naye, na njia nyengine ya kurudi nyumbani haikuwepo.

Mwalimu wetu wa michezo, binti wa Unguja kama mimi, akakubali kunifundisha kujihami. Kukimbia mzunguko mmoja tu wa ukumbi wa skuli kulinitoa jasho la mwili mzima. Kisha akanambia, "Shikamoo, bibi," na papo hapo akanibana kifundo cha mkono.

Nikauvuta mkono, haukutoka. "Niachie, mwanangu, tafadhali."

Waalimu wenzangu waliokuwa wakitazama wakacheka. "Mwambie na ahsante!"

"Mtu kama yule haombwi, bibi," alisema binti, bila ya kuniachia. "Piga ukelele."

Sikuweza. Kwetu sauti ya mwanamke haikutakiwa ivuke mlango. Akazidi kubana, nikawa kama namwona yule mwanamume wa njiani mbele yangu, na ukelele ukanitoka kwa hofu tupu. Binti akashtuka, vidole vyake vikalegea, nami nikauchomoa mkono upande wa kidole gumba chake.

Kesho yake nilipita njia ile, hofu ningali nayo. Nawe usingoje hofu ikutoke. Ukikamatwa mkono, piga ukelele kwanza, kisha uchomoe mkono kwa nguvu upande wa kidole gumba cha aliyekukamata.