Samaki wa Wenyewe

“Mrejeshe kwao leo hii, Athumani. Huyu ni samaki wa wenyewe.”

Baba alicheka, akamjibu bibi. “Mama, ingekuwa hivyo, nyumba ya mnunuzi wangu ingekuwa gofu zamani.”

Nilikuwa na miaka saba, nimekaa kwenye ngazi za nyumba yetu Mji wa Kale, nimekumbatia chupa kubwa ya achari. Ndani mlikuwa na kisamaki cheusi, kidogo kuliko kidole changu cha gumba, chenye madoa meupe kama ya dadu. Baba alikuwa mpiga mbizi, akikamata samaki wa mapambo, na huyu alikuwa zawadi yangu. Aliniambia huishi mwambani, katikati ya mikono laini ya mnyama wa baharini inayowachoma wengine na kumwacha yeye. Bibi, mamake baba, alikuwa na maelezo yake: samaki yule hulinda mzimu wa wenyewe, majini wa baharini, na nyumba inayomweka humpoteza mtu wake.

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe baba alikubali kumrejesha kesho yake. Jioni bibi alifukiza udi, akaomba radhi, kisha akamimina marashi ndani ya chupa, kama anavyorashiwa mgeni anayeagwa.

Asubuhi samaki alikuwa akielea. Bibi alilia, akasema wenyewe wamekasirika. Baba alifungua chupa, akanusa maji, akanitazama na kuweka kidole mdomoni. Kisha akasema atampeleka vivyo hivyo, huenda wakamsamehe mamake. Upepo wa kusi ulikuwa umechafua bahari, na wenzake hawakutoka siku ile.

Adhuhuri walimleta amefunikwa shuka.

Shule niliiacha kidato cha pili. Sasa nakunja leso dukani, Mtaa wa Biashara, na jioni humpikia bibi. Yeye bado anaamini wenyewe ndio waliomchukua mwanawe, na kwa imani hiyo hupata usingizi. Mimi najua samaki aliuawa na marashi, na kwamba baba aliingia baharini ili moyo wa mamake utulie, basi. Siku za Idi bibi hunirashia marashi mabegani, nami humshukuru. Sitamwambia. Ila kila nikifunga mlango wa nyumba yetu humwona baba amesimama kizingitini, chupa kwapani, akimgeukia bibi:

“Usilie, mama. Namfikisha kwao, kisha narejea.”