Managu Yaliyojengewa Ua

Nilipokuwa msichana wa kupiga taipu katika ofisi ya shamba la chai upande wa Kericho, mke wa meneja alinionjesha keki yenye vitunda vya buluu ndani yake. Vilikuwa vidogo kama shanga, na vikipasuka mdomoni vinatoa utamu wenye uchachu kidogo. Niliomba kipande cha pili bila haya. Mama huyo alikuwa Mzungu mrefu, mikono yote mikwaruzo kwa ajili ya bustani, naye alifurahi sana kupata mtu wa kupenda bluberi zake, maana bwana yake alisema zina ladha ya maji ya kuoshea vyombo. Tangu siku hiyo, zikiiva, aliniletea kikombe kizima ofisini. Nilikula huku nikipiga taipu, na barua za kampuni zilikwenda Nairobi zikiwa na alama za vidole vya zambarau.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini walifunga safari ya kurudi kwao. Wakati huohuo mimi nilikuwa naolewa na mwalimu mmoja wa milima ya juu ya Keroka. Mama yule akaniuliza nataka zawadi gani ya arusi, vikombe vya chai vyenye maua au miwili ya miti yake ya bluberi. Shangazi yangu mpaka anakufa hakunisamehe kwamba sikuchukua vikombe.

Miti yenyewe alikuwa ameipanda kwenye mapipa yaliyokatwa nusu, nyuma ya jikoni. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa miwili mirefu, yenye majani ya kung'aa.

"Hapana!" alisema. Alizungumza kile Kiswahili cha mashambani ambacho Wazungu walifundishana wenyewe kwa wenyewe. "Hii na hii iko namna moja. Wewe chukua moja refu, na moja ile fupi. Nyuki nakwenda huku, nakwenda huku, matunda nakuwa mingi." Aliniangalia kama nimeelewa, akaona sijaelewa. "Kama bwana na bibi!"

Hapo nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Ile fupi ilikuwa imepinda na majani yake yalikuwa ya kuhesabika, lakini alikwaruza shina lake kwa ukucha akanionyesha kijani kibichi chini ya ganda. Kisha akanipa masharti. Udongo uwe mchachu, ule unaopendwa na chai. Majivu mti usionje kabisa, wala chokaa. Maua ya mwaka wa kwanza niyatoe yote ili mti upate nguvu. Na baridi ni rafiki yake.

Nilifika Keroka juu ya lori la kabichi, nimekaa mbele na dereva, ule mti mfupi, bibi, nimempakata magotini na ule mrefu, bwana, amefungwa nyuma kwenye kabichi. Wanawake wa sokoni walinizunguka.

"Hiyo ni dawa ya nini, dada?"

"Si dawa. Ni matunda."

"Matunda yako wapi?"

"Bado."

Waliangaliana, nikajua habari yangu itafika nyumbani kabla yangu.

Mume wangu alichimba mashimo mawili kando ya jiko langu, akayajaza udongo wa kutoka kwenye chai yetu pamoja na majani makavu ya msonobari. Yeye alifundisha sayansi, na hakuweza kuchimba shimo bila kulieleza. Halafu, kwa sababu ya mbuzi, alizungushia ua wa fito na miba, wa kunifika kifuani. Ua ule ndio ulioleta maneno. Kwetu watu walijengea ua ng'ombe na ndama. Mti wa kujengewa ua hakuna aliyewahi kuuona.

Mama mkwe wangu alikuja kukagua. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwimbaji wa kanisani, na alipenda kila kitu kieleweke.

"Yupi ni bwana?" aliuliza nilipomweleza.

"Huyu mrefu."

"Na huyu aliyepinda ndiye atakayezaa?"

"Ndiyo, mama."

Alimtazama yule bibi kwa huruma, akaenda zake.

Baba mkwe yeye hakuuliza kitu. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hushikiana heshima kubwa. Hawapeani mikono, na yeye haingii nyumbani mwa mwanawe. Baba mkwe wangu aliishika heshima hiyo kwa nguvu kuliko jirani zetu wote. Hakunisemesha moja kwa moja hata mara moja. Akiwa na neno, alilitupa hewani nilisikie. Kabla ua haujajengwa, maneno hayo alimwambia mbwa. Sasa alipata ua wa kusimamia. Kila asubuhi alikuja na fimbo yake, akaegemea fito, akaanza kuzungumza na miti, nami niko jikoni nasikia kila neno.

"Leo kuna baridi," alisema. "Wenye kupenda baridi wafurahi."

Ndivyo nilivyojua kwamba masharti ya yule Mzungu yameshafika kwake.

Miti iliposhika, ikatoa maua meupe yaliyoinama kama vikengele. Nikayatoa yote, kama nilivyoagizwa. Mama mkwe alinikuta naye ametoka kuchota maji. Alitua mtungi chini.

"Unafanya nini?"

"Natoa maua, mama, ili mti upate nguvu."

"Unatoa maua," alirudia polepole. "Kwa mkono wako. Wewe, ambaye hujapata mtoto."

Sikuwa nimewaza hivyo hata kidogo. Lakini yeye aliwaza, na kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa linawaza naye. Wanawake walinisalimu huku wanatazama tumbo langu. Nililia kidogo jikoni, sitaficha. Mume wangu alinifariji kwa kunieleza sehemu za ua la mmea, mpaka nikamwomba anyamaze.

Asubuhi iliyofuata baba mkwe aliegemea ua. "Nyinyi miti," alisema kwa sauti ya kufika mbali, hadi jikoni kwa mkewe, "hata ndizi tunaipunguza machipukizi, na hakuna anayelia." Kisha akakohoa, akaenda kutazama ng'ombe. Hilo nililihifadhi moyoni.

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Aliingiwa na huruma juu ya ile miti, akaamua kuisaidia kimyakimya. Mimi wakati huo nilikuwa nimepata kazi ya kupiga taipu kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa Kisii mjini, nalala huko kwa ndugu yangu, narudi mwisho wa wiki. Kila nikirudi nakuta majani yamegeuka manjano zaidi, mishipa tu ndiyo imebaki ya kijani. Nilidhani ni ugonjwa. Ni baba mkwe aliyenifumbua macho.

"Miti hii inakula vizuri," aliiambia. "Kila jioni ungo mzima wa majivu."

Niliruka kama nimeumwa na siafu. Nikakwangua udongo, nikatoa majivu, nikaweka udongo mpya wa chai. Tatizo likawa ni nani atamwambia mama aache. Mimi, mke niliyeingia juzi, nisingeweza kumwambia mama mwenye nyumba kwamba wema wake ni sumu. Nikamtuma mwanawe. Aliondoka kifua mbele kama anakwenda kugombea udiwani, akarudi haraka.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia choo chetu kinahitaji majivu."

"Choo?"

"Ameahidi atapeleka yote huko."

Nilitaka kumkasirikia, lakini lilifaa. Hapakuwa na choo kisafi kama chetu mlimani kote.

Habari za maua niliyoyatoa zilikuwa zimevuka milima hadi kwa mama yangu mzazi, upande wa Nyamira. Mama yangu hakuwa mtu wa kungoja kualikwa. Mila ilitaka atume neno kwanza, nasi tuchinje kuku na kupanga viti. Yeye alifunga mkungu wa ndizi mgongoni, akaja siku ya kazi, mimi niko Kisii. Mume wangu yuko shuleni, baba mkwe yuko malishoni na ng'ombe, na mama mkwe yuko kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa. Njiani jirani mmoja alimwambia, "Binti yako amepanda managu ya Wazungu na kuyajengea ua."

Jirani huyo aliwahi kuona tunda moja lililoponea tawini kutoka ua nililolisahau, jeusi la kuelekea buluu, dogo, la mviringo, sawasawa na tunda la managu, ile mboga yetu ya majani machungu, linaloliwa na watoto wanaochunga. Ukizingatia hilo, hakukosea sana.

Mama alifika akakuta boma tupu. Hakuzoea kukaa mikono mitupu. Akaona managu ya Wazungu ndani ya ua, majani mabichi mororo, akasema moyoni, hawa wameyatunza vizuri kweli. Akafungua ua. Akachuma ncha za bwana na ncha za bibi, akajaza ungo, akawasha moto jikoni mwangu.

Mimi nilirudi jioni hiyo kwa bahati, maana Mhindi wangu alifunga duka mapema kwa sikukuu yao. Nilimkuta mama mkwe amesimama mlangoni pa jiko langu, amefunikwa na aibu: mkwe wake, mgeni wa heshima, anapika ugali wake mwenyewe kama mtu asiye na mwenyeji.

"Mwanangu," mama yangu aliniita kwa furaha, "haya managu yenu ni magumu. Nimeyachemsha tangu jua liko pale. Nimetia maziwa yote yaliyokuwamo."

Niligeuka kutazama ua. Vijiti vitupu. Nikafungua mdomo, na mama mkwe akanikanyaga mguu.

Tulikula. Chakula cha mgeni wa namna ile hakikataliwi, na alichokipika mwenyewe ndiyo kabisa. Majani yalikuwa kama karatasi ya kahawia iliyolowekwa. Ukitafuna upande huu yanahamia upande wa pili, mazima. Mama mkwe alitafuna huku akisifu, machozi yakimlengalenga. Mume wangu alimeza bila kutafuna, kama vidonge vya malaria. Mama yangu peke yake alitafuna akakunja uso, akatutazama mmoja mmoja.

"Nyinyi mnakula hivi kila siku?"

"Siku za wageni tu," alisema mama mkwe.

Sahani ya baba mkwe ilipelekwa nyumbani kwake, ikarudi tupu. Tulingoja. Baadaye tulisikia fimbo yake uani, kisha sauti yake.

"Managu ya mwaka huu," aliuambia ua, "yamekomaa."

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mama yangu naye akacheka bila kujua kwa nini, na tulipomweleza akapiga kelele na kujifunika uso kwa leso. Tangu jioni hiyo wale wakwe wawili walikuwa marafiki wa kutembeleana bila kutumiana neno. Kuhusu maua na tumbo langu hakuna aliyegusia tena. Mtoto alikuja kwa wakati wake, msichana, mwenye sauti kubwa.

Nilidhani miti imekufa. Lakini mvua ziliponyesha, kila kijiti alichokata mama kilichipua matawi mawili, matatu, na msimu uliofuata vikengele vyeupe vilijaa pande zote. Bibi alizaa. Bwana akazaa zaidi.

Mama mkwe alileta kina mama wa kanisa kushuhudia. "Huyu ndiye bwana," aliwaonyesha kwa ncha ya kidole. "Amezaa." Kulikuwa na mjadala mrefu. Mume wangu alitoka kueleza habari za chavua, akaambiwa arudi ndani.

Nilichuma bluberi za kwanza kwenye bakuli, nikampelekea mama mkwe ampe mzee. Yeye alikataa kubeba. Alisema mikono yake imeshika mtoto, na kweli ilikuwa imemshika. Basi nikaliweka bakuli juu ya fito za ua, nikarudi jikoni, nikasimama nyuma ya mlango.

Baba mkwe alikuja. Akachukua moja, akaigeuza, akatia mdomoni. Akachukua nyingine. Akala polepole, kofia mkononi, mpaka bakuli likaisha, akapitisha kidole ndani yake. Meno yake yote yalikuwa ya zambarau. Kisha akageukia jikoni.

"Mwanangu," alisema, "zile nyingine zitaiva lini?"

"Wiki ijayo, baba," nilijibu kabla sijafikiri.

Tulishtuka sote wawili. Alivaa kofia, akakohoa, akaondoka upesi kuelekea kwa ng'ombe, fimbo yake ameisahau kwenye ua. Sikutoka kumpelekea. Nilimwita mbwa, nikamwambia kwa sauti kwamba kuna fimbo ya mtu hapa, na baada ya muda mzee akaja kuichukua.

Wiki iliyofuata ndege walitutangulia, wakatuachia chache tu. Keki ile ya Kericho sikuipika kamwe.