Waya wa Spika

Baba, kama Wakenya wengi wa rika lake, alipenda muziki wa kusini mwa Marekani. Bendi moja ya roki aliijua kuliko ukoo wetu: nani alifariki, lini walivunjika, lini walirudiana wakiwa na mvi. Wimbo wao mchangamfu wa mapenzi ndio aliocheza na mama siku walipooana.

Kwenye harusi yangu, ukumbini Ladywood, huku ughaibuni, miaka michache kabla ya korona, baba na mama wakaucheza tena. Wenzangu wa kazini wakacheka. Nami, mjinga, nikachomoa waya wa spika.

Baba akapiga magoti na suti yake mpya, akakagua spika.

"Usijali, mwanangu," akasema. "Hizi mashine zina mambo."

Waya ulikuwa mfukoni mwangu.