Harufu Iliyobaki Sebuleni

Ijumaa iliyopita nilimtoa mama yangu mzazi kwenye sebule ya watu kwa sababu ya harufu. Mama akatoka. Harufu ikabaki.

Jina langu Mofizul, nafanya kazi kiwanda cha ngozi hapa Chittagong. Mama anaanika samaki kisiwani Maheshkhali, na samaki hao ndio walionisomesha.

Siku hiyo tulikwenda kumposa Rehnuma, binti anayesomea uuguzi. Nilimpenda hadi basi.

Asubuhi nilimsumbua sana mama. Mara arudie kuoga, mara apake mafuta ya waridi, mara abadilishe sari. Akafanya yote.

Tumekaa, chai imeletwa, mara bibi yake Rehnuma akaziba pua kwa ncha ya sari. Nikajua tayari, posa inaharibika. Nikamwinamia mama.

"Mama, hebu kapunge upepo barazani."

Akaniangalia kidogo.

"Sawa, baba."

Nikarudi kutabasamu. Bibi bado kaziba pua.

"Rehnuma, fungua dirisha," akasema. "Huyu kijana ananuka ngozi mbichi."

Mimi?

Nikanusa mkono wa shati. Sikusikia kitu, wallahi.

Rehnuma akanieleza taratibu kwamba pua ikiishi na harufu moja kila siku, ubongo unachoka kuipokea, unaipuuza. Ya mwenzio utaisikia, yako hapana. Nikakumbuka kwamba utotoni hata samaki wa mama sikuwasikia. Mjini ndiko nilikoanza kuwasikia.

Nikamfuata mama barazani.

"Mama, ulijua kwamba nanuka?"

"Tangu ulipoanza kazi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ni harufu ya riziki yako, baba. Ningesemaje?"

Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba arudi ndani, lakini Rehnuma alikuwa ameshasimama mlangoni, amesikia yote.

"Kaka Mofizul, harufu ya ngozi pua yangu ingeizoea," akasema. "Hili la kumtoa mama nje sitaki kulizoea."

Posa ikaishia hapo. Aliyebaki akinibembelezea msamaha kwa wenyeji ni mama yule yule.

Ndugu zangu, nyani haoni kundule. Ukisikia uvundo mahali, anza na kwapa lako kabla hujamnyanyua mtu kwenye kiti.

Ya ngozi nimenunua sabuni. Hii nyingine sijui inaoshwa na nini.