Maneno Chini ya Picha

Duka la kwanza la intaneti pale Mbinga lilifunguliwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipojaa mjini. Lilikuwa na kompyuta tatu, na jenereta nyuma ya ukuta. Siku moja mwalimu mwenzangu alinifuata ofisini akicheka.

"Nimemwona shemeji kwenye intaneti. Nenda ukajionee."

Nikaenda. Mke wangu alikuwa ameketi kando ya kichanja cha kuanikia usipa, wale dagaa wa ziwani, kwao Liuli, khanga kaifunga kifuani, anacheka hadi macho yamefumba. Kicheko kile sikuwa nimekiona tangu tulipomzika mtoto wetu wa kwanza. Baada ya msiba alikwenda kukaa miezi kadhaa kwa mama yake ziwani kabla ya kurudi, mimi nikabaki Mbinga nafundisha. Sasa nani alikuwa amemchekesha hivyo?

Chini ya picha kulikuwa na maneno ya Kiingereza. Yalisema mwanamke huyu amefiwa na mtoto, na kwamba hulilia shambani kwa sababu mumewe hataki marehemu atajwe nyumbani. Mteja mwingine aliyengoja zamu yake alikuwa anasoma juu ya bega langu. Nikaziba kioo kwa kiganja.

Nilipofika nyumbani sikusalimia. "Mwanaume gani alikupiga picha Liuli?"

"Mwanaume?" Mke wangu aliacha kupepeta mchele. "Ni bibi mmoja wa Kizungu, alipanga chumba kwa mama. Ana wajukuu yule. Kwani vipi?"

Nilipaswa kupoa. Sikupoa. Angekuwa mwanaume ningejua wivu wangu niuelekeze wapi. Bibi huyo alikaa pale wiki chache, na Kiswahili chake cha kuokoteza, akapewa maneno ambayo mimi, mume, sikuwahi kuyasikia.

Nilimweleza mke wangu yaliyoandikwa. Akakaa chini kabisa, sakafuni.

"Picha aliniomba, nikakubali. Yale mengine nilimwambia yeye. Sikuwaambia watu."

Nilipanda basi hadi Songea kumwona wakili. Nilitaka picha iondolewe na bibi ashtakiwe. Wakili alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, kuna mikataba ya mataifa inayosema mambo ya mtu na familia yake yasiingiliwe ovyo. Nchi yetu imo. Lakini picha iko kwenye kompyuta ya Ulaya, na aliyeiweka yuko Ulaya. Mahakama ya hapa haimfikii."

"Sasa mikataba hiyo ni ya nini?"

"Inazitaka nchi zitunge sheria. Kule kwa huyo bibi wameshatunga. Mtu anaweza kudai habari zake zifutwe, hata akiwa mgeni. Ila mwenye kudai ni mkeo. Si wewe."

Si wewe. Neno hilo nilirudi nalo hadi Kitai, hadi Mbinga, likiniwasha.

Tulikwenda dukani wote wawili. Yeye alisema kwa Kiswahili, mimi nikamwandikia bibi kwa Kiingereza, kwa anwani iliyokuwa kwenye ukurasa wake.

"Picha iache, nimependeza," alisema. "Maneno uyafute, ni haki yangu hata kwa sheria ya kwenu. Niliyokuambia yalikuwa yako peke yako."

Nikaacha kuandika. "Yake peke yake?"

"Andika, Mwalimu. Ndivyo ilivyokuwa."

Nikaandika.

Hatukuhitaji kwenda mbali zaidi. Wiki haikuisha, bibi akajibu: aliomba radhi, na maneno alikuwa ameshayafuta. Tulifungua ukurasa tukakuta picha peke yake, bila maneno. Nilimwuliza mke wangu alikuwa anacheka nini siku ile.

"Nilikuwa namwigiza mwanetu alivyokuwa akifukuza kuku kwenye usipa," akasema, akataja jina la mtoto, wazi, mbele ya watu.

Njiani nilimwomba aniambie na mengine. Aliniambia kidogo. Yaliyobaki, alisema, aliyamaliza Liuli na hana nguvu ya kuyarudia. Nilimbebea mkoba hadi nyumbani, nikimwonea wivu bibi kizee ambaye sijamwona hata mara moja.