Shemeji Alizima Wimbi la WiFi Yangu, Kumbe Alitumwa

Admin, lifiche jina langu, ila maneno yangu yaache kama yalivyo, maana nina hasira.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nimeolewa Hedaru, nina mtoto mmoja. Nyumba yetu iko kiwanja kimoja na ya mama mkwe. Kazi yangu ni kufundisha wageni Kiswahili kwa video, kwa laptop ya mtumba. Ruta nilinunua mimi na bando nalipa mimi. Nikaiweka sebuleni kwa mama mkwe kwa heshima tu, akaifunika na kitambaa chake cha kufuma kama anavyofunika redio. Nikamwachia, kwani WiFi ilifika mpaka chumbani kwangu.

Akaja shemeji, mdogo wa mume wangu, kutoka Dar. Mjuaji wa kila kitu! "Shemeji, hii ni WiFi 6, mnaitumia kishamba." Akaingia kwenye mipangilio ya ruta, akabadilisha na password ya kuingilia humo. Kesho yake laptop yangu haioni WiFi kabisa, simu zao zote zinakimbia. Nikimuuliza, ananicheka: "Ruta nzima, hiyo laptop yako ni kimeo." Nikajaribu bando la simu, video ikakwama katikati ya somo. Mama mkwe naye, mtu wa kanisa, akaniambia, "Mwanangu, labda Mungu anakuonya na hao wanaume wa kwenye video." Wiki nzima sikufundisha. Waliokuwa wakiniletea wanafunzi wakawapa walimu wengine. Nililia kama nimefiwa.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Dada wa watu akanielewesha vizuri: ruta inarusha mawimbi mawili. La 2.4 spidi yake ni ndogo, ila linapenya kuta na kufika mbali, na vifaa vingi vya zamani vinalijua hilo tu. La 5 lina spidi kubwa, ila halifiki mbali. Hiyo WiFi 6 ni toleo jipya tu, haikatazi laptop ya zamani kuunganishwa. "Dada, hapo kuna mtu amezima la 2.4."

Nikamfuata shemeji. Hata aibu hakuona. "Nimezima ndiyo. Muulize kaka, yeye ndiye aliyenituma."

Jamani! Mume ninayekula naye sahani moja alinitazama nikilia wiki nzima, naye anajua! Nilipombana akasema, "Mama Neema, nilitaka upumzike kidogo na wale Wazungu. Mwombe mama msamaha kwa hizi kelele zako, wimbi litawashwa." Mimi? Niombe msamaha? Kwa ruta yangu?

Yule dada wa huduma alinieleza pia kwamba nyuma ya ruta kuna kitundu. Ukiingiza pini ukashikilia, inarudi kama ilivyotoka dukani: mawimbi yote mawili yanawaka na password ya shemeji inafutika. Sasa hivi mama mkwe yuko kanisani, shemeji ameenda stendi. Nimekaa sebuleni kwake, kitambaa nimeshakitoa, pini ninayo mkononi. Wimbi najua litarudi. Mume wangu ndiye sijui kama nitamwamini tena.

Nishaurini ndugu zangu kabla hawajarudi: nibonyeze nibaki, au niichomoe niondoke nayo?